Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi: Namna ya Kuipima Tovuti Kabla ya Kuiamini

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kuwa maelezo yafuatayo yametayarishwa ili kumsaidia kila msomaji kuipima tovuti kabla ya kuyaamini yaliyomo ndani yake, na hasa kabla ya kuyapeleka kwa mwenzake. Maelezo haya hayakusudii kumkataza mtu kusoma akipendacho. Yanakusudia kumpa kipimo.

Zamani uvumi ulitembea kwa miguu. Ulitoka forodhani, ukapita sokoni, ukafika barazani, na hapo barazani hakukosekana mtu mzima wa kuuliza, "Nani kasema?" Siku hizi uvumi huingia kwa njia ya simu ya mkononi, tena ukiwa umevaa joho la utaalamu: una jina la taasisi, picha ya daktari, jedwali la takwimu na orodha ndefu ya marejeo. Swali la mtu mzima wa barazani, hata hivyo, ndilo linalofaa kuulizwa hadi leo. Kilichobadilika ni njia ya kulipatia jawabu.

Tovuti zinazozungumziwa hapa ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zinazoeneza habari za njama, yaani madai kwamba watu wachache wenye nguvu wamekula kiapo cha siri kuwadhuru watu wengine. Aina ya pili ni zile za sayansi bandia, ambazo huazima maneno ya kitaalamu lakini hazifuati taratibu za utaalamu. Mara nyingi aina hizo mbili hukaa nyumba moja: tovuti inayodai kuwa madaktari wanaficha dawa ya saratani ndiyo hiyo hiyo inayoiuza dawa inayodaiwa kufichwa.

1. Yaliyoisibu nchi ya visiwa

Ili ieleweke kwa nini jambo hili si la kupuuzwa, inafaa kueleza yaliyotokea Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki yenye watu wapatao 200,000.

Mwezi wa Julai 2018 watoto wadogo wawili walifariki huko muda mfupi baada ya kupewa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Ilibainika kuwa chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa imechanganywa, kwa makosa, na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda wake badala ya maji yanayotakiwa. Wauguzi wawili walikiri kosa mbele ya mahkama, na mwezi wa Agosti 2019 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano kila mmoja.

Baina ya kifo na hukumu, hata hivyo, ulipita zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo chanjo hiyo ilisimamishwa kwa miezi mingi, wazazi wakabaki na khofu, na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na maandishi ya mtandaoni ya watu wapingao chanjo, wengine wao wakiwa nje kabisa ya nchi. Makadirio ya mashirika ya kimataifa yalionesha kuwa watoto waliopata chanjo ya surua nchini humo mwaka 2018 walikuwa asilimia 31 tu. Kwa kawaida inahitajika watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga ili surua isienee, kwa sababu mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 pale ambapo hakuna mwenye kinga.

Surua iliingia mwaka 2019. Tarehe 15 Novemba Serikali ya Samoa ilitangaza hali ya hatari. Skuli zilifungwa na watoto wakakatazwa kukusanyika. Wakati huo huo palikuwa na watu waliokuwa wakiwashauri wazazi kupitia mitandao wawape watoto wao vitamini na maji ya majani ya mpapai badala ya chanjo. Tarehe 5 na 6 Disemba ofisi zote za Serikali zilifungwa, na watumishi wa umma wakatumwa kusaidia timu za chanjo zilizopita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba iliyokuwa na mtu asiyechanjwa iliagizwa kutundika kitambaa chekundu mbele ya mlango. Hadi maradhi yalipodhibitiwa, watu zaidi ya 5,700 walikuwa wameugua na 83 wamefariki dunia, walio wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa wakaazi wa Unguja na Pemba, ambao kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 ni watu 1,889,773, msiba wa kiwango hicho ungelikuwa sawa na kuzika watu wapatao 780 katika miezi michache.

Katika kisa hiki lipo jambo la kuzingatiwa sana. Habari iliyoenezwa haikuwa ya kubuni moja kwa moja. Watoto wawili walifariki kweli, na walifariki baada ya kudungwa sindano. Uongo ulikuwa katika kilichotajwa kuwa ndiyo sababu. Hiyo ndiyo desturi ya tovuti hizi: hulishika tukio la kweli, likaunganishwa na sababu isiyokuwa yake. Kwa hivyo haitoshi msomaji kujiuliza, "Je, jambo hili limetokea?" Anapaswa pia kujiuliza, "Je, limethibitishwa kuwa limetokea kwa sababu hii inayotajwa?"

2. Sura ya tovuti si ushahidi

Wasomaji wengi huipima tovuti kwa kuitazama. Ikiwa imepangwa vizuri, lugha yake haina makosa, na jina lake ni zito, huiamini. Kipimo hicho hakifai, kwa sababu mambo yote hayo hununuliwa kwa bei ndogo.

Mfano mzuri ni wa vyama viwili vya Marekani vya madaktari wa watoto. Cha kwanza ni American Academy of Pediatrics, kilichoasisiwa mwaka 1930, chenye wanachama zaidi ya 60,000 na ambacho miongozo yake hutegemewa na hospitali nyingi. Cha pili ni American College of Pediatricians, kikundi kidogo mno kilichojitenga mwaka 2002 kutokana na khitilafu za msimamo juu ya mambo ya kijamii. Majina yamekaribiana, tovuti zote mbili zina sura ya heshima, na mtu asiyewajua huweza kudhani kuwa uzito wao ni mmoja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizitumia tovuti hizo hizo katika jaribio lililotolewa mwaka 2017. Waliwakusanya watu 45: maprofesa wa historia 10, wanafunzi wa chuo 25, na wakaguzi wa habari 10 ambao kazi yao ya kila siku ni kuhakiki yaliyoandikwa magazetini. Wengi katika wanafunzi, na hata baadhi ya maprofesa, walibakia ndani ya tovuti wakiisoma kwa makini tangu juu hadi chini, na wakadanganyika kwa sura yake. Wakaguzi walifanya kinyume. Walikaa katika tovuti kwa muda mfupi, kisha wakatoka nje yake, wakafungua kurasa nyengine na kutafuta wengine wanasema nini juu ya wenye tovuti hiyo. Wao ndio waliopata jawabu sahihi, tena upesi zaidi.

Funzo lake ni jepesi. Mtu anapotaka kumjua mgeni aliyekuja kuposa, hamwulizi mgeni mwenyewe sifa zake. Huenda kuuliza mtaani kwao. Tovuti nayo iulizwe mtaani kwao. Ukurasa wake wa "Kuhusu Sisi" umeandikwa na mwenyewe, na mwenyewe hajisemi ubaya.

3. Kuisoma anwani

Anwani ya tovuti husaidia kidogo, iwapo itasomwa sawasawa. Anwani zinazoishia na go.tz hutengewa taasisi za Serikali ya Tanzania, na zile zinazoishia na ac.tz hutengewa vyuo. Kinachotazamwa ni mwisho wa jina, yaani herufi zinazotangulia alama ya mkwaju ya kwanza baada ya jina. Herufi za "go" na "tz" zikiwekwa mwanzoni au katikati, na mwisho wake ukawa "com", hiyo si tovuti ya Serikali hata ikiwa imebandikwa nembo ya Taifa.

Anwani zinazoishia na org zimewapotosha wengi, kwa vile hudhaniwa kuwa ni za mashirika ya kheri tu. Ukweli ni kwamba mtu yeyote huweza kuisajili anwani ya namna hiyo. Kwa miaka mingi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, anwani ya martinlutherking.org ilikuwa mikononi mwa kikundi cha Kimarekani kinachohubiri ubora wa watu weupe. Wanafunzi waliokuwa wakitafuta habari za Martin Luther King kwa ajili ya kazi zao za skuli waliikuta ikiwa na sura ya ukurasa wa elimu, ilhali ndani yake mlijaa maneno ya kumchafulia jina kiongozi huyo. Ilitosha kuuliza, "Mwenye tovuti hii ni nani?" ili jambo zima lidhihirike.

4. Kuukagua ushahidi unaotajwa

Tovuti nyingi za sayansi bandia hujikinga kwa kutaja utafiti. Msomaji akiona jina la jarida maarufu na mwaka, huona kuwa mambo yamekwisha. Hapo ndipo panapohitajika uangalifu zaidi.

Dai kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela husababisha usonji lilitokana na makala iliyochapishwa tarehe 28 Februari 1998 katika jarida la The Lancet la Uingereza, ambayo mwandishi wake mkuu alikuwa daktari Andrew Wakefield. Makala ilieleza habari za watoto 12 tu, na yenyewe ilikiri kwamba haikuthibitisha uhusiano wowote. Wakefield hata hivyo aliwaambia waandishi wa habari kuwa chanjo hiyo ya pamoja isimamishwe, na khofu ikaenea. Katika Uingereza watoto waliochanjwa walipungua hadi kiasi cha 80 katika kila 100 ilipofika mwaka 2003 na 2004.

Baadaye mwandishi wa habari Brian Deer aligundua kuwa Wakefield alikuwa akilipwa na wakili aliyekuwa akitayarisha madai dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na kwamba taarifa za watoto hao hazikulingana na kumbukumbu zao za hospitali. Mwaka 2004 waandishi wenzake 10 waliikana tafsiri ya makala hiyo. Tarehe 2 Februari 2010 jarida liliiondoa makala nzima, na mwezi wa Mei mwaka huo Wakefield akafutwa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Wakati huo huo watafiti wa Denmark walikuwa wakilichunguza jambo hilo kwa watoto wengi: utafiti wa mwaka 2002 ulihusu watoto 537,303, na ule wa mwaka 2019 ulihusu watoto 657,461. Katika tafiti zote mbili, waliochanjwa hawakuonekana kupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa.

Pamoja na yote hayo, zipo tovuti ambazo hadi leo huitaja makala ya mwaka 1998 na kunyamaza kimya juu ya yaliyotokea mwaka 2010. Kutokana na kisa hiki, msomaji anapokutana na utafiti uliotajwa anashauriwa kufanya mambo manne:

(a) Autafute utafiti wenyewe kwa jina lake na kuona kama bado unakubalika au umeondolewa. Makala iliyoondolewa huandikwa hivyo waziwazi katika ukurasa wa jarida.

(b) Aangalie ni watu wangapi waliohusika. Watu 12 hawawezi kupingana na watu laki sita.

(c) Aangalie kama utafiti unasema kweli hayo unayosemeshwa. Mara nyingi jambo lililoonekana kwa panya, au ndani ya chupa ya maabara, huelezwa kana kwamba limethibitishwa kwa binadamu.

(d) Aulize nani amelipa, na nani atafaidika.

5. Dawa inayotibu kila maradhi

Ishara iliyo rahisi kuliko zote kuitambua ni ya dawa moja inayodaiwa kutibu maradhi yasiyohusiana. Malaria huletwa na vijidudu vinavyoingia kwa kuumwa na mbu. UKIMWI huletwa na virusi. Kisukari ni kasoro ya mwili katika kuitumia sukari. Na usonji si maradhi ya kuambukiza kabisa. Kitu kimoja hakiwezi kuwa ndiyo tiba ya yote hayo.

Kwa muda mrefu tovuti kadhaa zimekuwa zikiuza kimiminika kinachoitwa "Miracle Mineral Solution". Kimiminika hicho kinapochanganywa na asidi hutoa dioksidi ya klorini, kemikali inayotumika viwandani kung'arisha karatasi na nguo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi yake mwaka 2010, na ikarejea onyo hilo mwaka 2019: kukinywa huleta matapishi makali, kuharisha na upungufu wa maji mwilini unaohatarisha maisha. Wauzaji walikuwa na jawabu tayari. Walimwambia mnywaji kuwa kutapika na kuharisha ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Jawabu la namna hiyo ni hatari kuliko dawa yenyewe, kwa sababu humfanya mgonjwa azidishe kile kinachomdhuru.

Jambo hili limefika hadi Afrika ya Mashariki. Mwaka 2013 ilienezwa filamu iliyodai kuwa wagonjwa wa malaria wapatao 154 nchini Uganda wametibiwa kwa kimiminika hicho kwa ushirikiano na Msalaba Mwekundu. Shirika hilo lilijitenga hadharani na madai hayo. Mwaka 2019 ikaripotiwa tena kuwa kimiminika hicho kilikuwa kikigawiwa kwa wanavijiji wa Uganda kwa kupitia wachungaji. Huko Florida, Marekani, baba na wanawe watatu waliokuwa wakikiuza kwa jina la kanisa, na kudai kuwa kinatibu hata korona, walitiwa hatiani mwaka 2023. Wawili walifungwa zaidi ya miaka kumi na miwili, na wawili miaka mitano.

Aidha, msomaji atahadhari na ushahidi wa mtu mmoja mmoja. Mtu anaposema, "Nilikunywa, nikapona," huenda anasema kweli kuwa amepona. Lakini homa nyingi huondoka zenyewe, na waliokunywa wasipone hawaandikwi katika tovuti. Ndiyo maana madaktari hulinganisha makundi mawili, la waliopewa dawa na la wasiopewa, kabla ya kutoa hukumu.

6. Njama za kweli na njama za kubuni

Haitakuwa insafu kusema kwamba wakubwa hawajapata kula njama. Katika mji wa Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972 idara ya afya ya Serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila ya kuwatibu na bila ya kuwaambia ukweli, hata baada ya penisilini kupatikana. Katika Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni moja kubwa ya dawa ya Marekani ilifanya majaribio ya dawa kwa watoto 200 wakati wa mripuko wa homa ya uti wa mgongo. Familia zililalamika kuwa hazikuelezwa ipasavyo, na mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri lililofunguliwa na Jimbo la Kano.

Kwa hivyo anayetia shaka si mjinga. Tofauti iko katika namna mambo yanavyothibitishwa. Kisa cha Tuskegee kilitoka katika nyaraka na vinywa vya watumishi waliohusika, kikachapishwa na shirika la habari linalowajibika, kisha kikachunguzwa hadharani. Kisa cha Kano kilifika mahkamani. Tovuti ya njama haina nyaraka za namna hiyo. Ina maswali tu. Na ikioneshwa ushahidi wa kuipinga, husema kuwa ushahidi huo umetengenezwa na wala njama wenyewe. Dai ambalo hakuna ushahidi wowote, hata wa kufikirika, unaoweza kulibatilisha, halina njia ya kupimwa, na lisilopimika halifai kutegemewa.

Kano yenyewe inaonesha hasara ya kuchanganya mambo mawili hayo. Mwaka 2003 uvumi ulienea kaskazini ya Nigeria kwamba chanjo ya polio imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Machungu ya mwaka 1996 yalikuwa bado hayajapoa, na uvumi ukapata pa kushika. Kano iliisimamisha chanjo kwa muda wa karibu mwaka mmoja, ikairejesha mwaka 2004 baada ya kupimwa na kwa kutumia chanjo iliyotengenezwa Indonesia. Polio ilikuwa imekwishatoka Nigeria na kuenea katika nchi nyengine nyingi. Mwaka 2005 ilifika Indonesia yenyewe, nchi iliyokaa miaka kumi bila ya maradhi hayo, na kuwalemaza watu zaidi ya 300, wengi wao watoto. Afrika haikutangazwa kuwa imeepukana na virusi asilia vya polio hadi tarehe 25 Agosti 2020.

Dai hilo hilo la kuzuia uzazi limeelekezwa pia kwa chanjo ya HPV, inayowakinga wasichana na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018. Msomaji atakayeliona dai hilo likiwa na sura mpya aelewe kuwa ni la zamani, na limekuwa likihama kutoka chanjo hadi chanjo.

7. Wajibu wa mtumishi wa umma

Waswahili husema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kuutetea uvumi. Lakini wahenga hao hao walisema, "Njia ya mwongo ni fupi," na mtumishi wa umma anatarajiwa kuifupisha zaidi njia hiyo.

Neno la muuguzi, mwalimu au sheha halichukuliwi kama neno la mtu wa kawaida. Mwananchi akipokea habari kutoka kwa mtumishi huamini kuwa imekwishahakikiwa, hata kama mtumishi mwenyewe ameipeleka tu bila ya kuisoma. Kwa ajili hiyo watumishi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

Kwanza, mtumishi asiipeleke mbele habari ya afya, ya maafa au ya usalama ambayo hajaijua asili yake. Kuandika "nimeipokea kama ilivyo" hakumwondolei dhamana.

Pili, mwananchi anapokuja na swali alilolipata mtandaoni, asidharauliwe. Mzazi anayeuliza juu ya chanjo anauliza kwa sababu anampenda mwanawe. Akichekwa leo, kesho hatouliza tena kituoni, atauliza simu.

Tatu, penye kosa la kweli, kosa lielezwe mapema na kwa ukamilifu kwa kufuata taratibu za kazi. Samoa imeonesha kuwa pale ambapo maelezo ya kuaminika yamechelewa, yasiyoaminika hutangulia.

Nne, mtumishi asiyejua jawabu aseme kuwa halijui, kisha amwelekeze mwananchi kwa mwenye kujua: kituo cha afya kwa mambo ya maradhi, na ofisi husika kwa mambo mengine.

8. Maswali ya kujiuliza

Kwa muhtasari, kila msomaji anashauriwa kujiuliza maswali haya kabla ya kuiamini tovuti:

1. Mwenye tovuti ni nani, na watu wengine wasiohusiana naye wanasema nini juu yake?

2. Je, habari hii imeandikwa lini, na picha zake ni za wakati na mahali panapotajwa?

3. Je, ushahidi uliotajwa upo, bado unakubalika, na unasema hayo unayosemeshwa?

4. Je, tukio la kweli limeunganishwa na sababu ambayo haikuthibitishwa?

5. Je, tovuti inauza kitu, au inaomba fedha, kutokana na khofu inayoieneza?

6. Je, kuna jambo lolote ambalo likionekana wenye tovuti watakubali kuwa wamekosea?

7. Je, kwa nini habari inamtaka msomaji afanye haraka, au aipeleke kwa watu wengi kabla "haijafutwa"?

Tovuti moja huweza kushindwa swali moja na bado ikawa na manufaa. Hata vyombo vya kuaminika hukosea, na dalili ya kuaminika kwao ni kuwa husahihisha makosa yao waziwazi. Iliyoshindwa matatu au manne haifai kutegemewa katika jambo linalogusa uhai, mali au heshima ya mtu.

Wazazi na walezi wanakumbushwa kuwa chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, mtoto anapofikia umri wa miezi 9 na tena anapofikia miezi 18. Aliye na shaka juu ya chanjo hiyo, au nyengine yoyote, anaombwa kuifikisha shaka yake katika kituo cha afya kilicho karibu naye, akiwa na kadi ya mtoto, na ana haki ya kusikilizwa na kupewa maelezo.

Wakuu wa ofisi, walimu wakuu na masheha wanaombwa kuyabandika maelezo haya katika mbao za matangazo na kuyasoma katika mikutano ya shehia, ili na wale wasiopata nakala ya jarida hili wayafahamu.